Kiboko hakitibu mtoto asiyetulia

Mhariri,

Nimesoma habari yenu juu ya watoto wasiotulia darasani na imeniuma, maana huku kwetu Kisumu mtoto kama huyo anaitwa mtundu, mkaidi, wengine hata wanasema amerogwa, halafu anachapwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza viboko lakini bado vinatembea tu.

Hii hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili kupita kawaida inaitwa ADHD na mzazi asijilaumu eti ni malezi mabaya ama soda nyingi, sukari haijaonekana kuwa ndiyo inaileta. Kwa sehemu kubwa inarithiwa, na kuzaliwa kabla ya wakati kunaongeza hatari. Lakini pia si kila mtoto anayekimbiakimbia anayo, watoto ni watoto jamani, daktari anataka dalili zikae miezi 6 ama zaidi na zionekane nyumbani na shuleni, ndio maana maneno ya mwalimu yana uzito sana. Mtoto akiwa chini ya miaka 6 mzazi ndiye anafunzwa kwanza, ampe mtoto kazi moja moja, amsifu akimaliza, akikua kidogo daktari anaweza kuongeza dawa kama methilifenideti.

Naomba kaunti ifunze walimu wa chekechea kutambua hizi dalili mapema, na shule badala ya kumfukuza mtoto ziite mzazi na kumwelekeza kwa vile vituo vya serikali vya EARC, vinavyopima mahitaji ya mtoto kielimu, akapimwe.

Mzazi,
Kisumu