Barua ya wazi kwa trena vijana: msiuze kwa kumtonesha mtu kidonda

Wanangu, habari zenu. Haya nilitaka niwaambie ana kwa ana ila jim saa za jioni ni kelele tupu na nyie mko mbio na wateja, basi nimeamua niandike tu. Mimi nimeanza kufundisha watu mazoezi baadhi yenu hamjazaliwa, na nimeuza vipindi vingi sana, vingine kwa haki, vingine nikivikumbuka naona aibu mpaka leo.

Juzi nimemsikia mmoja wenu (simtaji, anajijua) akiwa na mama mmoja aliyekuja siku ya kwanza. Kamsimamisha mbele ya kioo, kambana nyama za tumbo na kile kikoleo cha kupimia mafuta, kamwambia "mama unaona hii, hii ndo inaua watu", yule mama akawa anaangalia viatu vyake tu. Hapo hapo karatasi ikatolewa. Mama akasema ngoja nikaongee kwanza na mume wangu, kijana akamjibu, "kwani afya yako mpaka uombe ruhusa?" Akasaini. Kijana akaja kaunta anacheka, dili limefungwa. Mimi niliona mtu aliyelipa ili atoke mle chumbani.

Jamani, mtu mnene au mtu aliyekaa miaka bila mazoezi hadi anafika mlangoni kwenu ameshajisema mwenyewe vya kutosha. Amezunguka hilo jengo mara tatu kabla ya kuingia. Sasa wewe badala ya kumpa kiti unamtonesha kidonda halafu unamuuzia plasta, hiyo biashara gani?

Na mimi nisijifanye malaika. Nilipoanza nilifundishwa kwamba kile kipindi cha bure cha kwanza ni cha kumwonesha mteja alivyo dhaifu. Nikampata jamaa mmoja wa ofisini, nikampigisha skwati, pushapu, kuruka, skwati tena, akatapika kwenye ndoo, akiwa bado anahema nikamwekea kalamu mkononi. Akanunua vipindi 24. Alikuja vitatu. Nilichokuja kujua baadaye ndo kilinitisha zaidi, kwamba mwili usiozoea ukiubamiza hivyo siku ya kwanza misuli inaweza kuharibika mpaka vitu vyake vinamwagika kwenye damu na kuumiza figo, mkojo unatoka rangi ya kola, ni mtu wa kukimbizwa hospitali huyo. Yaani ningeweza kumlaza mtu wodini kwa ajili ya komisheni.

Halafu kuna uongo mdogo mdogo ambao mmeuzoea hadi hamuuoni tena. Kitambi kitaisha kwa mazoezi ya tumbo: hakiishi hivyo, mwili hauchagui mafuta ya mahali unapopachosha. Mteja kapunguza kilo 3 wiki ya kwanza, mnampiga picha na kuitumia kumuuzia mwenzake, wakati mnajua mmemkatia wanga na kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini inashikilia karibu gramu 3 za maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji. Mwendo wa maana ni kama nusu kilo mpaka kilo 1 kwa wiki, semeni hivyo hivyo. Na ile mashine ya kupima mafuta kwa umeme mdogo, wapo wanaompima mtu akiwa amekauka maji ili isome mafuta mengi, mwisho wa mwezi wanampima amekunywa maji vizuri, eti maendeleo. Picha za kabla na baada sizungumzii, tumbo limeachiwa, taa imezimwa, mnajua wenyewe.

Najua mtasema mzee unaongea tu, meneja anataka tageti na sisi mshahara wetu ni komisheni. Ni kweli, na kuuza sio dhambi. Tena wapo wengine kati yenu wapole mno, wanamsaidia mtu nusu saa nzima halafu wanaona aibu kumwambia "ningependa nikufundishe, bei yangu ni hii". Mwambie! Ila bei itajwe mapema, kabla hujamgusa wala kumpima, asiisikie akiwa ameshachoka na amejisikia vibaya. Muulize maswali ya afya, ile fomu ya PAR-Q iliyoanzia Kanada ina maswali 7 tu, akikwambia kifua kinambana akipanda ngazi basi siku hiyo hauzi kitu, unamtuma kwa daktari, hata kama tarehe ni 30 na unadaiwa.

Muulize anataka nini halafu nyamaza, huwa mnaongea sana nyie. Mimi wateja wangu nawaambia wazi kwamba shirika la afya duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 au zaidi za kufanyia misuli kazi, na kwamba kutembea kwa haraka kunahesabika na hakuna haja ya kunilipa mimi kwa hilo. Halafu namwambia mimi nafaa wapi: kumfundisha kunyanyua bila kuumia mgongo, kumpangia, kumngoja siku ambayo hajisikii kuja. Aanze na vipindi vichache. Akisema anaenda kufikiria, aende, nampa namba yangu na namuuliza kama naweza kumpigia mara moja. Kuna wasiorudi, sawa. Wanaorudi nakaa nao miaka na wanawaleta dada zao.

Sasa wewe kijana wa juzi. Yule mama hajaonekana tangu siku ile, nimeangalia daftari. Mpigie leo. Usimuulize kwa nini haji, mwombe radhi kwa yale maneno uliyomwambia kuhusu mumewe, mwambie vipindi ambavyo hajatumia hela yake inarudi akitaka. Meneja akikataa njoo unichukue, niko upande wa vyuma asubuhi na mapema, tutaingia ofisini wote wawili.

Mzee wenu