Jumamosi: West Fork, someni mpaka mwisho

Habari zenu ndugu zangu wa Phoenix. Jumamosi tunaenda kutembea kwa miguu West Fork, na tunaondoka saa 11 alfajiri. Namaanisha saa 11 ya kwetu, yaani simu ikisoma 5:00. Safari iliyopita mmoja wetu alifika saa 11 ya Kizungu, akatukuta tuko mtoni.

Kwa wanaouliza "jangwani kuna kivuli gani?": West Fork iko kwenye korongo la Oak Creek, kati ya miji ya Sedona na Flagstaff, hapa hapa Arizona. Kuta za mwamba ni ndefu, na chini yake imejaa miti. Njia ni kama kilomita 5 kwenda, kisha tunarudi palepale. Haina mlima wa kutisha.

Kazi iko kwenye maji. Tutavuka kijito mara 13 kwenda na 13 kurudi. Mawe yanateleza, kwa hiyo vaeni viatu vyenye meno ambavyo hamtalia vikilowa. Kandambili sitaki kuziona. Soksi za akiba ni lazima, na mama wenye watoto wabebe na suruali. Ukiona mmea wa majani matatu matatu, usiuguse, unawasha vibaya.

Mvua ikitabiriwa tunaahirisha, hata kama jua linawaka hapa mjini. Maji ya huko juu hushuka ghafla, na korongoni hakuna pa kukimbilia.

Maegesho ni ya kulipia na hujaa mapema, basi tubanane kwenye magari machache. Chapati nabeba mimi. Nani ana birika kubwa la chai?