Pikipiki yako mpya uipe arobaini yake

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti kutoka huko Uingereza, kwamba unataka kuuza pikipiki ndogo ununue kubwa, nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilimwita baba yako akakaa nami tukausikiliza wote. Sisi hatujambo. Mvua imeshika kweli kweli, ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na migomba miwili ya nyuma ya nyumba imelala. Baba yako ameshakwambia lake: anataka ununue gari. Mimi nimeona langu niliandike, maana kwenye simu nikinyamaza kidogo tu unadhani nimekasirika.

Sijakasirika. Nunua.

Nilianza kukubali siku ile uliponisimulia lile lori. Unakwenda zamu ya asubuhi, giza bado, umevuta mafuta mpaka mwisho na hiyo Honda yako ya cc 125 imefika kilomita 90 kwa saa na haina tena pa kwenda. Nyuma yako taa za lori zimejaa kwenye kioo cha pembeni, huoni kitu kingine. Watu wengi wanaogopa pikipiki kubwa. Mimi niliyefanya kazi ya ugani juu ya pikipiki miaka 22 najua kuna barabara ambazo ndogo ndiyo ya hatari, kwa sababu haina nguvu ya akiba ya kukutoa mtu anapokukaribia. Usiku ule sikulala vizuri. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni tamaa au ni haja, nasema ni haja.

Tena umeifuata njia. Ulianza na ile CBT yao, mafunzo ya lazima ya mwanzo, ukaendesha na kibao cha L cha mwanafunzi bila kupakia mtu na bila kugusa motowei, zile barabara zao kuu za mwendo kasi, na kabla miaka 2 ya cheti haijaisha ukafanya nadharia na sehemu zote mbili za vitendo. Kwa kuwa umepita miaka 24, sheria ya huko imekufungulia mlango wote, kesho ukitaka unapanda hata ya cc 1800. Wewe umesimama kwenye 500. Nimekuheshimu kwa hilo, na baba yako nimemwambia hivyo hivyo mezani.

Vipimo ulivyonitumia nilikwenda navyo kwa fundi wangu pale stendi, tukakaa kwenye benchi lake tukavisoma kimoja kimoja. Unayoendesha sasa ina kilo 117. Hiyo Honda Rebel unayoitaka ina 191. Katikati hapo kuna kilo 74, mtu mzima mmoja. Nguvu ni kilowati 8 kwa 34, zaidi ya mara nne. Siti inashuka kutoka sentimita 79 hadi 69. Fundi alifurahia nguvu, akawa anapiga mluzi. Mimi macho yangu yalibaki kwenye siti.

Nikwambie kwa nini. Kimo ulikirithi kwangu. Ukikaa kwenye siti ya sentimita 69, nyayo zako zote mbili zitakanyaga chini, visigino na vyote, jambo ambalo hujalipata tangu uanze kuendesha. Dukani utaona imekupokea. Ikiwa wima, zile kilo 191 huzisikii kabisa. Ikiinama kidogo, kama upana wa kiganja, zinakuja zote kwa pamoja, na mguu wako hauwezi kuzizuia. Ikifika hapo iache iende, toa mguu. Chuma kinatengenezwa. Mguu wa muuguzi anayesimama saa 12 kwa zamu ni habari nyingine.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Lile kovu la kifundo changu cha mguu wa kulia, ulilokuwa ukiligusa ukiwa mdogo na kuniuliza, nami nikikujibu kuwa ni jembe. Si jembe.

Kazini nilianza na Yamaha AG100. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima: keria mbele na nyuma, cheni imefunikwa yote isile tope, stendi upande wa kushoto na wa kulia ili popote kwenye mteremko upate pa kuiegesha. Ilinibeba Mwakaleli, Kandete, Isange, na mbegu za maharage nyuma na mkoba wa fomu mbele. Nilikosea nayo kila kosa linalokosewa, nayo ikanivumilia. Nikivuta mafuta vibaya ilinguruma tu. Nikifunga breki vibaya iliteleza nusu hatua ikasimama. Miaka minne nikajiona dereva.

Mwaka mmoja kabla hujazaliwa nikapewa Yamaha DT175, yenye nguvu zaidi. Wiki ya pili nayo, nateremka kutoka Kandete, mvua imetoka kukatika, barabara bado inang'aa. Kwenye kona ya kulia nikavuta mafuta kama nilivyokuwa nikiivuta AG. Injini zile za zamani zinazochoma oili pamoja na petroli zilikuwa na tabia ya kukaa kimya, kisha nguvu inakuja yote kwa mpigo. Tairi la nyuma likatoka. Nilijikuta mtaroni, pikipiki juu ya mguu wangu, silensa yenye moto imelala kwenye kifundo. Nilinusa nyama kabla sijasikia maumivu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia viazi alikuja mbio na watoto wake wawili wakainyanyua.

Nililala kwa siku kadhaa nikiwaza kosa langu ni lipi, na nilichokiona ndicho ninachotaka ukisikie. Sikuwa mgeni wa pikipiki, nilikuwa mgeni wa ile pikipiki. Mikono yangu ilikuwa imefundishwa na nyingine, ikafanya ilichofundishwa. Wewe pia una miaka miwili ya mazoea mikononi, na mengine hayatakufaa huko unakokwenda.

Breki, kwa mfano. Uliniambia una kawaida ya kukanyaga ya nyuma na inakutosha. Inakutosha kwa sababu hiyo ndogo yako, CB125F, breki zake zimeunganishwa, ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inashika kidogo bila wewe kujua. Rebel haina hilo. Ina ABS ya kuzuia tairi lisijifunge, lakini mbele ni mbele na nyuma ni nyuma. Ukikanyaga kama ulivyozoea utapata nusu ya ulichotegemea, kwenye kitu kizito zaidi na chenye mwendo zaidi. Na mwendo unadai zaidi ya unavyodhani: ukitoka kilomita 60 kwenda 90, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara mbili. Ifundishe mikono upya. Vidole viwili kwenye breki ya mbele, ikaze polepole kama unakamua chungwa, uongeze kadiri pua inavyoshuka. Fanya hivyo mara hamsini mahali patupu kabla hujafanya mara moja mahali penye watu.

Kugeuza nako kutabadilika. Hiyo mpya ni ndefu, uma wake wa mbele umelala zaidi, matairi ni mapana. Ukienda polepole na usukani umekata, pua inataka kuangukia ndani. Hapo usiiguse kabisa breki ya mbele. Pikipiki za namna hii nyingi huangukia hapo, kwenye maegesho, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Shika klachi nusu, mafuta kidogo yasiyobadilika, mguu ukibana kidogo breki ya nyuma, na macho uyapeleke unakotaka kutokea. Ukiangalia tairi la mbele utakwenda kwenye tairi la mbele. Kwa mwendo mkubwa ni kinyume, itakuwa nzito kulala. Usipigane nayo kwa kiuno. Unakwenda kulia, sukuma mshikio wa kulia mbele, italala yenyewe. Ulilifanya kwenye mtihani bila kujua jina lake, sasa lifanye ukijua.

Halafu kuna kitu kitakachokushtua kama hujaambiwa. Vikanyagio vya miguu viko chini. Ukilala sana kwenye kona, chuma kitakwaruza lami, na utaisikia sauti hiyo mpaka kwenye meno. Mtu akishtuka huachia mafuta ghafla au hukamata breki, na hapo ndipo pikipiki inapoinuka na kumtoa nje ya kona. Ukisikia inakwaruza, shikilia mafuta palepale na maliza kona yako, kisha kona inayofuata ingia taratibu zaidi.

Mashimo pia. Kwenye ndogo nimekuona kwenye video ukijiinua kidogo shimo likija. Kwenye hii miguu iko mbele zaidi na siti iko chini, kujiinua si rahisi, shimo linakwenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Lione mapema, likwepe mapema.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Ipe arobaini yake. Mtoto akizaliwa hapa nyumbani hatumtoi kwenda sokoni siku ya tatu, mama na mtoto wanakaa ndani wajuane kwanza. Siku 40 za mwanzo usipakie mtu, hata huyo rafiki yako aliyeanza kununua helmeti. Usiingie motowei. Usiku kama unaweza kuuepuka, uepuke. Nenda kazini na kurudi, zunguka vipilefti vya mtaani kwenu, na kila wiki tafuta nusu saa kwenye maegesho ya duka lililofungwa.

Na Snake Pass, ile barabara ya milimani, isubiri. Najua umeitaja kwa mapenzi, picha nimeziona: ile A57 inavyopanda kutoka upande wa Sheffield kwenda Glossop, nyasi za kahawia huku na huku na kona zinazojificha nyuma ya kona. Ni nzuri, sikatai. Hata sisi Mbeya tuna Mlima Nyoka wetu, na unajua malori mangapi tumeyaona chini yake. Ukienda baada ya arobaini, nenda mchana, siku kavu, na mtu anayeijua akiwa mbele yako asiyekukimbiza. Theluji ikianza kutajwa usiende kabisa. Barafu nyembamba ya lami siijui kwa macho, ila najua utelezi wa Mwakaleli, na nadhani ni ndugu.

Siku itakapoanguka ikiwa imesimama, nayo itaanguka, usione haya na usiinyanyue kwa mikono. Zima injini kwanza. Kama imelalia kulia, toa stendi kabla hujaigusa, isije ikakuvukia upande wa pili. Kata usukani mpaka mwisho. Geuka uipe mgongo, chuchumaa, makalio yakae kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja kwenye mshikio na mwingine kwenye chuma imara cha bodi, kisha sukuma kwa mapaja, hatua fupi fupi za kurudi nyuma. Niliinyanyua DT hivyo nikiwa na mimba yako ya miezi mitano. Sikusifii tendo hilo, nakwambia tu kwamba inawezekana kwa mwili kama wetu.

Kuhusu kununua sina mengi, huko mna vitabu vya gari na ukaguzi wa kila mwaka. Tazama cheni na meno yake, tazama ncha za vikanyagio na za klachi kama zimekwaruzwa, maana hapo ndipo pikipiki iliyoanguka hujisema. Tanki ni lita 11.2, kwa hiyo ukifika kilomita 220 anza kutafuta sheli, usisubiri taa. Na fedha utakayoipata kwa kuuza ile ndogo usiitie yote kwenye pikipiki. Nunua buti zinazopanda juu ya kifundo. Umeshajua kwa nini.

Glovu zangu za ngozi nimezipaka mafuta ya nazi, nimempa mama mchungaji anayesafiri mwisho wa mwezi kwenda kwa mwanawe Leicester, atakupigia. Ya kulia imechanika mshono wa kidole gumba, nimeushona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Zinaweza kukubana kidogo mwanzoni.

Ukienda kuiona Jumamosi, kabla hujatoa malipo ya awali, kaa juu yake na glovu mikononi, vuta klachi, kisha mtu akupige picha ya mkono wa kushoto kwa karibu. Vidole vyetu ni vifupi. Nataka nione kama vinafika kwenye klachi bila kiganja kuachia mshikio. Nitumie hata kama ni usiku wetu, nitakuwa macho.

Mama yako