Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kibao Kikishashuka, Mwimbaji Anabaki na Nini?

Ndugu wanachama,

Masuala ya ada, uchaguzi na ofisi yamo kwenye taarifa za katibu na mhazini, kwa hiyo sitayarudia. Taarifa hii inahusu swali lililorudi kikao baada ya kikao mwaka huu: mwimbaji aliyetoka kwa kibao kimoja kikali, anaweza kudumu kwenye kazi? Kamati imeridhika kwamba anaweza. Ila hatukubaliani na imani iliyozoeleka kwamba kila kitu kinategemea wimbo wa pili. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Kwa tunavyoona sisi, nyingi hupasukia kwenye mkataba, kwenye koo, au kwenye shoo ambayo nyimbo zake zinaisha mapema.

Wimbo wa pili

Mwaka 1974 kundi la ABBA la Uswidi lilishinda Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, na wimbo wao wa ushindi ukashika namba moja Uingereza. Singo iliyofuata huko iliishia nafasi ya 32. Nyingine haikuingia kwenye chati kabisa, na iliyokuja baada ya hapo ikakomea nafasi ya 38. Walirudi kumi bora mwishoni mwa 1975, na Januari 1976 wakashika tena namba moja. Muda wote huo walikuwa wanajitungia wenyewe, wanarekodi na wanazunguka kufanya maonyesho. Mtu aliyewahukumu kwa wimbo wa pili angewazika wangali hai.

Kuna upande mwingine wa shilingi. Wahispania wawili, Los del Río, walikaa namba moja kwa wiki 14 kwenye chati kuu ya Marekani mwaka 1996, na hawakurudia tena kitu cha ukubwa ule. Lakini wawili hao walikuwa wameimba pamoja tangu miaka ya 1960. Aliyewaita "wa wimbo mmoja" alikuwa anasoma chati moja ya nchi moja. Mwimbaji wa Kanada Carly Rae Jepsen naye alikaa kileleni mwa chati hiyo kwa wiki tisa mwaka 2012. Albamu yake ya 2015 haikutoa kibao cha kiwango hicho, ila ilimjengea wasikilizaji wanaokata tiketi mpaka leo. Kudumu ni huko, na tunashauri wanachama wajipime hivyo.

Kuhusu muda, ushauri wetu ni huu: uwe na nyimbo tatu zilizokamilika kabla kibao hakijaanza kushuka, na utoe ya kwanza kikiwa bado kinapigwa. Ukisubiri kishuke ndipo uingie studio, utakuwa unarekodi kwa hofu, na hofu ndiyo inayozaa nakala ya kibao cha kwanza: biti ileile, mwendo uleule, kiitikio kilichobadilishwa maneno. Msikilizaji akitaka kibao kile anacho tayari. Beba kitu kimoja tu kutoka kwenye kibao, aghalabu rangi ya sauti yako, mengine yabadilike. Kwenye kolabo, hakikisha jina lako limeingizwa kama mwimbaji mshiriki katika taarifa za wimbo, na si kwenye kichwa cha wimbo pekee. La sivyo wimbo hautaonekana kwenye ukurasa wako wa majukwaa ya mtandaoni, na wanaokutafuta watakuta ukurasa wenye kibao kimoja.

Karatasi

Hapa ndipo kamati ilipotumia muda mwingi zaidi, na hapa ndipo hasara nyingi zilipo.

Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi yenyewe, ambayo wengi huiita masta. Mwenye utunzi analipwa hata wimbo ukiimbwa na mtu mwingine. Tracy Chapman alitoa "Fast Car" mwaka 1988 akiwa ameutunga peke yake. Mwaka 2023 mwimbaji wa kantri Luke Combs aliurekodi upya ukavuma tena, na mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya mtunzi wimbo unapotumika, ikaenda kwa Chapman, miaka 35 baadaye. Kinyume chake ni Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi "Mbube" mwaka 1939 na kuachia haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ulizunguka dunia kwa majina mengine; yeye alifariki mwaka 1962 akiwa fukara, na familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, tena baada ya kwenda mahakamani.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka studio, jazeni karatasi ya mgawanyo. Iwe na jina halisi la kila aliyetunga, namba yake ya utunzi katika shirika la kukusanya mirabaha, asilimia yake, tarehe na sahihi. Asilimia za utunzi zijumlike kuwa 100, za masta nazo 100 kwenye karatasi ya pili. Kosa la kawaida ni kuahirisha kwa sababu "bado hatujui kama utatoka". Ukishatoka, rafiki aliyechomekea mstari mmoja kwenye kiitikio atakumbuka alitunga nusu, na mtengeneza biti atadai masta nzima. Kabla ya umaarufu watu hugawana kwa dakika kumi. Baada yake hugawana kwa mawakili.

Kama kuna kipande cha rekodi ya mtu mwingine ndani ya wimbo wako, ruhusa zinatakiwa mbili: ya masta na ya utunzi. Bendi ya Uingereza The Verve ililijua hilo kwa uchungu. Kibao chao cha 1997 kilijengwa juu ya kipande cha wimbo wa Rolling Stones uliopigwa na okestra, na haki za utunzi zilichukuliwa zote. Mtunzi wao hakurudishiwa mpaka 2019.

Kila rekodi ipewe namba yake ya ISRC, yaani utambulisho wa kimataifa wa rekodi, yenye tarakimu na herufi 12. Namba hiyo isibadilike ukihamisha wimbo kwa msambazaji mwingine. Ukipewa namba mpya, hesabu ya wimbo huanza upya na malipo hupotea katikati. Ni kosa dogo la dakika moja, na kulirekebisha huchukua miezi.

Kwenye mkataba wa lebo, yaani kampuni ya rekodi, soma mambo manne kabla ya kutazama kiasi cha advansi, ile pesa ya awali inayokatwa baadaye kwenye mgao wako. La kwanza, mkataba unahesabiwa kwa miaka au kwa albamu? Mkataba wa albamu tano unaweza kukushika muongo mzima. La pili, nani ana hiari ya kuendelea? Mara nyingi ni lebo peke yake. La tatu, ni kwa muda gani umezuiwa kurekodi upya nyimbo zilezile? La nne, deni la albamu moja linakatwa kwenye mapato ya nyingine? Likikatwa, kibao chako kitalipia nyimbo zote zilizoanguka. Mkataba wa meneja nao useme asilimia yake inapungua vipi mkishaachana. Bila kifungu hicho unaweza kulipa mameneja wawili kwa shoo moja.

Shoo na koo

Kibao kina dakika tatu na nusu. Mwandaaji wa tamasha anakuita kwa dakika 60, na hizo ni nyimbo 12 hadi 14. Asiyekuwa nazo hujaza muda kwa maneno, hurudia kibao mara mbili, au hushuka mapema, na mwandaaji huyo hampigii simu tena. Kuna ambao kazi yao iliishia hapo, wala si redioni. Nyimbo za wengine zisizozidi tatu, zilizopangwa upya kwa sauti yako, zinakubalika kabisa. Kibao kiwe cha pili kutoka mwisho. Ukikiweka mwanzoni ukumbi utakuwa nusu ifikapo dakika ya 40, na ukikiweka mwisho kabisa watu watatoka na kibao kichwani bila wimbo wako mpya.

Jambo ambalo maprodyuza wengi hawalisemi: rekodi ya kibao kwa kawaida ni majaribio mengi yaliyounganishwa, tena kwenye kilele cha sauti, mwimbaji akiwa amepumzika. Kuimba noti hiyo usiku nne kwa wiki ni habari nyingine. Shusha ufunguo kwa nusu toni, au toni nzima ikibidi. Ukumbini hakuna atakayegundua. Kwa bendi ni suala la mazoezi ya siku moja. Kwa anayeimba juu ya biti inahitajika ala mpya kwenye ufunguo huo, na hapo ndipo watu hukwama kwa sababu faili za studio zimeshafutwa. Siku wimbo unapokamilika, ondoka na vitu vinne: wimbo kamili, ala tupu, ala zenye waitikiaji bila sauti yako, na kila ala kwenye faili yake. Chukua faili za WAV za biti 24, ambazo hazijapunguzwa ubora wa sauti, si MP3, uzihifadhi mahali pawili.

Koo halina vipuri. Adele alifuta ziara mwaka 2011 kwa sababu ya damu kuvuja kwenye nyuzi za sauti, akafanyiwa upasuaji Novemba mwaka huo, na alikaa kimya kwa wiki kadhaa akipona. Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, acha kuimba hapohapo. Usimalizie shoo kwa ushujaa. Mkwaruzo ukizidi wiki mbili, nenda kwa daktari wa koo atakayeingiza kamera na kuzitazama nyuzi zenyewe; dawa za kutuliza huficha tatizo tu. Kunong'ona si kupumzisha sauti, kunaweza kuikaza zaidi. Aspirini kabla ya shoo huongeza hatari ya damu kuvuja. Pasha sauti moto dakika 15 hadi 20, na kwenye ratiba dai siku ya mapumziko baada ya kila shoo mbili au tatu. Mahojiano ya redio ya alfajiri nayo yahesabiwe kama kazi ya koo, maana ni kazi.

Pesa

Hesabu ya lebo iko hivi. Ukipewa sehemu 100 kama advansi na gharama za video, na mgao wako wa rekodi ni asilimia 20, rekodi lazima iingize 500 kabla hujaona chochote zaidi. Kwenye shoo, chukua mfano wa malipo ya 100: wakala 10, meneja 20, wanamuziki na fundi sauti 30, usafiri na malazi 15. Imebaki 25, na kodi bado.

Mirabaha huchelewa miezi sita hadi 18. Kwa hiyo mwezi ambao kila mtu anakuita nyota unaweza kuwa mwezi ambao hujalipwa kitu, na anayeishi kinyota wakati huo anaishi kwa mkopo. Kisha pesa huingia kibao kikiwa kimepoa, naye huidhani ni kipato cha kudumu. Ni ya mara moja. Kamati inapendekeza theluthi iende kwenye kodi, theluthi kwenye rekodi na shoo zijazo, na inayobaki ndiyo ya kuishi.

Kwenye majukwaa ya mtandaoni tusidanganyane na hesabu. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi. Kinachofaa zaidi ni ile orodha ya miji unakosikilizwa. Anzia huko, kwa kumbi za watu 150 au 200 zinazojaa. Kusanya pia namba na anwani za wanaokuja, ziwe zako. Meneja akiondoka na nywila za kurasa, ameondoka na wasikilizaji.

Maazimio yanayoletwa mkutanoni

Kamati inaomba ridhaa ya mambo matatu: fomu moja ya mgawanyo itumike na wanachama wote, wakili wa chama asome mikataba ya lebo na ya mameneja kabla ya kusainiwa, gharama zikigawanywa nusu kwa nusu na mwanachama, na upimaji wa koo mara moja kwa mwaka uingizwe kwenye huduma zinazolipiwa na ada. Hili la tatu lina wapinzani ndani ya kamati kwa sababu ya gharama, na mhazini ataeleza hesabu zake. Rasimu zote zimeambatishwa. Mwenye marekebisho ayafikishe kwa katibu kwa maandishi siku 14 kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti