Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na Askofu Parker

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, na wengine habari za mwaka mzima. Katiba inataka mwenyekiti atoe taarifa kabla ya mkutano mkuu, basi ndio hii. Mambo ya kawaida nayapitia haraka maana mhazini atasoma hesabu mwenyewe: ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, wanachama wapya tumepata, na vikao vya Zoom vya Jumapili havikukatika hata kipindi cha baridi kali, watu wanatoka shifti wamechoka lakini wanaingia hivyo hivyo na simu mkononi. Asanteni sana kwa hilo.

Sasa nikae kwenye somo letu la mwaka. Mlipiga kura tusome Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, kamati ikapendekeza tusianze na vita wala meli za Hispania, tumfuate mtu mmoja tu, Matthew Parker wa Norwich, aliyezaliwa 1504. Wengine mliuliza askofu wa nini tena, ila naona mwisho wa mwaka hakuna aliyejuta.

Huyu mzee alikuwa msomi kabla ya cheo chochote. Alisoma Corpus Christi kule Cambridge, baadaye akawa mkuu wa koleji hiyo hiyo, na ndiye Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry wa Nane, alimwomba amwangalie binti yake Elizabeth muda mfupi kabla hajauawa mwaka 1536. Binti alipokuwa malkia hakumsahau, Desemba 1559 Parker akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa juu wa maaskofu wa Kanisa la Uingereza, kazi ambayo mwenyewe aliikwepa sana, alitaka abaki na vitabu vyake tu.

Na hapo kwenye vitabu ndipo penyewe. Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, maktaba za nyumba hizo zilitawanyika ovyo. John Bale aliyekuwepo wakati huo aliandika kwamba watu walitumia kurasa za miswada kusugulia viatu na vinara vya mishumaa, nyingine zikauzwa kwa wenye maduka na wauza sabuni. Yaani kitabu cha ngozi kilichonakiliwa kwa mkono miaka mia sita nyuma kinafungia sabuni! Kikao kile mnakumbuka kulikuwa kimya kabisa.

Parker akaanza kuokota kilichobaki. 1568 Baraza la Malkia lilimpa barua ya kumruhusu atafute miswada ya kale popote nchini, akatuma watu, akaweka wasomi nyumbani kwake wanakili na kusoma Kiingereza cha kale ambacho karibu kila mtu alishakisahau, na mpiga chapa John Day akachonga herufi maalum za kukichapisha. Hakufanya hivyo kwa mapenzi ya vitabu peke yake, lazima tuseme. Serikali ya Elizabeth ilihitaji ushahidi kwamba kanisa lao lisilo chini ya Papa halikuzuka jana, na Parker aliutafuta ushahidi huo kwenye maandishi ya Waanglo-Saksoni, watu wa Uingereza ya kale waliokitumia Kiingereza hicho. Mimi naona nia zote mbili zilikuwepo na moja haifuti nyingine.

Kikao kilichonigusa zaidi ni kile tulichofungua picha za miswada yake mtandaoni. Tangu 2018 mtu yeyote anaziona bure, bila kujiandikisha. Tulikuza ukurasa taratibu na pale pale ukaona chaki nyekundu, namba na mistari ya Parker na watu wake juu ya maandishi yaliyowazidi umri kwa karne nyingi. Na hakuishia kwenye chaki: alitoa kurasa, akahamisha nyingine, palipokosekana maneno akaajiri mtu aandike upya kwa kuiga mwandiko wa kale. Alipochapisha maisha ya Alfred, mfalme wa Waanglo-Saksoni wa karne ya 9, yaliyoandikwa na Asser, askofu aliyemjua mfalme huyo, mwaka 1574, aliingiza ndani ile hadithi ya mfalme kuacha mikate iungue, akaitoa kwenye kitabu kingine akiamini nacho ni cha Asser. Mswada wenyewe wa Asser uliungua mwaka 1731 kwenye moto wa maktaba ya Cotton, iliyokusanywa na Robert Cotton. Kwa hiyo wasomi waliofuata walibaki na chapa ya Parker iliyochanganywa, na kazi ya kuitenganisha ilifika mpaka 1904. Hapo wanachama walibishana mpaka muda ukaisha, na mimi niko upande wa waliosema aliokoa na akaharibu, yote mawili yaandikwe.

Ila alichofanya mwishoni kilinifundisha sana. Miswada zaidi ya 400 aliipa koleji yake na akaweka masharti: ikipotea zaidi ya idadi fulani, iliyobaki yote inahamia Gonville and Caius, koleji nyingine ya Cambridge, na hao nao wakizembea inakwenda koleji ya tatu, Trinity Hall. Kila koleji ikawa na sababu ya kuikagua nyingine. Parker alifariki Mei 1575 na miswada ipo mpaka leo, pamoja na kitabu cha Injili cha karne ya 6 kinachoitwa cha Mtakatifu Augustino wa Canterbury.

Ndio maana kamati inaleta pendekezo, naomba mlipigie kura. Wengi wetu tumetoka Lamu, Mombasa, Zanzibar, na nyumbani kuna barua za mababu na daftari za mashairi kwa herufi za Kiarabu, zingine ziko humu humu Uingereza kwenye masanduku. Tunataka karatasi za kila familia inayopenda ziskaniwe bure, zenyewe zibaki kwa mwenyewe, nakala ziwekwe kwa familia tatu tofauti na zihesabiwe kila mwaka kabla ya mkutano mkuu. Asilia haiandikwi chochote, hata namba kwa penseli, na gundi ya plastiki msibandike kabisa.

Mashine ya kuskani itanunuliwa kwenye akiba kama mtakubali, bei mhazini anayo. Somo la mwaka ujao tunapendekeza Robert Cotton na huo moto wa 1731. Majina ya wagombea wa nafasi ya katibu yapelekwe kwa katibu anayemaliza muda wake, mwisho ni wiki moja kabla ya mkutano.