Barua ya wazi kwa vijana wa Tabora na Kigoma mnaotengeneza filamu za mapenzi ya kale

Wanangu, mwangaluka.

Filamu yenu ya mpagazi na binti wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi uliokuwa hapa Tabora, nimeitazama hadi mwisho, na nimeudhika. Mmesema ni miaka ya 1870. Kijana anaaga kwenda Bagamoyo, unapigwa wimbo mmoja, huyo amerudi na shati limenyooshwa pasi. Binti hata msuko haujabadilika. Sasa mtazamaji alie kwa lipi?

Utamu wa mapenzi ya kale ni kungoja. Msafara wa Tabora hadi pwani ulikula kama miezi mitatu, kwenda tu, na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Njiani kuna ndui, kuna njaa, na habari hazifiki. Tuonesheni binti akilima peke yake, masika yanaingia, na mwanamume mwingine anafika kwa baba yake na majembe ya mahari. Hapo hata mwenye moyo mgumu atakaa kimya. Tamthilia za Kituruki mnazokesha nazo zinajua hilo: wawili wanaweza kutazamana vipindi kadhaa kabla ya kugusana mkono. Ninyi mnawakumbatisha dakika ya tano.

Halafu nguo. Hapa sitawaachia, wanangu. Binti amevaa kanga yenye jina la kisasa, kwa herufi za Kilatini! Kanga za hivyo ni za karne ya 20. Wakati ule nguo ya biashara ilikuwa merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na kaniki ya rangi ya giza, ikipimwa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka mikono minne, doti mikono minane. Merikani bado ipo madukani. Nunueni ya pamba tupu, maana yenye poliesta inang'aa kwenye taa na haishiki rangi vizuri. Ifueni kwanza kwa maji moto kuondoa wanga. Chemsheni gramu 100 za majani ya chai katika lita 10 za maji, chujeni, tieni chumvi kijiko kimoja, kisha loweka nusu saa mkigeuzageuza. Msipogeuza, itatoka madoa kama ya kutu. Msiihukumu rangi ikiwa mbichi, ikikauka inapauka. Wala msiianike imekunjwa, alama ya kamba itabaki mgongoni mwa mhusika. Pindo lishonwe kwa mkono.

Mengine kwa ufupi. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, basi stesheni isionekane katika hadithi ya enzi za Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyefariki 1884. Liemba ya Ziwa Tanganyika vilevile, meli hiyo ilishushwa majini 1915. Mabati, hapana. Nguzo za umeme, geuzeni kamera. Kinanda kisifunike maneno ya wapendanao.

Lakini lawama si yenu peke yenu. Tuna watu mjini wanaochangia harusi mamilioni, ila mkiomba nauli ya waigizaji wanawaita wahuni. Tuna mama zetu wanaojua masultani wa Istanbul kwa majina na wivu wao, na Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyejilipua na baruti 1893 asikamatwe na Wajerumani, hawamjui. Nani aliwahi kuwasimulia ninyi? Wazee tumekaa barazani na habari zetu.

Kwa hiyo mwongozo wa filamu inayofuata uleteni kabla hamjanunua kitambaa. Tutausoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Na siku ya kurekodi, awepo mtu mmoja wa kukagua saa za mkononi, zipu na viatu vya plastiki kabla kamera haijawashwa.