Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: rovu liulizwe kliniki ya wajawazito

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mkunga mstaafu wa Nyanda za Juu Kusini, ambako kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa mama na bibi zetu, na wengi walizoea kulificha kwa mtandio.

Ombi langu linahusu tezi hiyo na kifafa cha mimba. Mimba inapoingia, mahitaji ya homoni za tezi hupanda, kwani katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za mama yake. Kwa hiyo mama anayetumia levothairoksini, dawa inayofidia homoni za tezi, kwa kawaida huhitaji kuongezewa dozi kwa robo hivi au zaidi, tena mapema. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliojumuisha wajawazito 46,528, ulionyesha kwamba priklampsia, yaani hatua inayotangulia degedege la kifafa cha mimba, iliwapata asilimia 3.6 ya wale ambao tezi yao ilikuwa imeanza kulegea kimyakimya, dhidi ya asilimia 2.1 ya wenye tezi timamu. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba tezi ndiyo chanzo, nami siombi kila mjamzito apimwe. Maabara zetu zina mzigo wa kutosha.

Ninaomba swali moja la lazima katika hudhurio la kwanza: je, umewahi kuwa na rovu, kupasuliwa shingo au kutumia dawa za tezi? Atakayejibu ndiyo apimwe homoni ya TSH, inayoonyesha kama tezi inafanya kazi sawasawa, bila kusubiri, na baada ya wiki ya 20 shinikizo lake la damu na mkojo vifuatiliwe kwa karibu zaidi.

Lipo pia jambo linaloniuma. Vidonge vya madini chuma tunavyowapa wajawazito, pamoja na vya kalsiamu ambavyo Shirika la Afya Duniani huvipendekeza dhidi ya kifafa hichohicho pale chakula kinapokuwa na upungufu wake, huzuia levothairoksini isifyonzwe vikimezwa pamoja nayo. Vinapaswa kupishana kwa saa nne. Kwa miaka mingi niliwaambia kina mama wameze vyote kwa mkupuo ili wasisahau. Maelekezo ya saa hizo nne hayahitaji bajeti wala kadi mpya, Mheshimiwa. Waraka mmoja kwa waganga wakuu wa mikoa unatosha kuyaanzisha mwezi huu.

Wako mtiifu,
Mkunga mstaafu